Waligombania Makao Makuu, Kumbe Wanagombania Viwanja

Tangu kaunti zetu 47 zianze kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, haupiti mwaka bila mtu kunilalamikia kwamba makao makuu ya kaunti yake yamewekwa pasipofaa. Wa Taita Taveta ataanza na Wundanyi, aende Mwatate, amalizie Voi. Wa Tharaka Nithi atauliza kwa nini ofisi ziko Kathwana ilhali mji wenye watu na maduka ni Chuka. Wa Thika bado anashangaa kwamba makao yako Kiambu. Mazungumzo hayo huishia pale pale kila mara: "Sisi Waafrika bwana, hata ofisi tunapigania."

Hapo ndipo huwa nakataa. Ugomvi mkali kupita yote ninayoijua kuhusu makao makuu ya kaunti ulitokea Marekani, magharibi mwa jimbo la Kansas, kuanzia katikati ya miaka ya 1880 hadi 1893 hivi. Watu waliuawa. Na kadiri ninavyousoma ugomvi ule, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba waliopigana hawakuwa wakipigania utawala, wala huduma kuwa karibu na mwananchi, ingawa maneno hayo walikuwa nayo midomoni kila siku. Walikuwa wakipigania bei ya viwanja. Ukilisahau hilo, hutaelewa kamwe kwa nini watu wazima wenye familia zao walirushiana risasi mchana kweupe kwa sababu ya madaftari.

Anza na nchi yenyewe. Magharibi mwa Kansas ni tambarare: nyasi, upepo, na mbingu kubwa. Hakuna bandari, hakuna mlima, hakuna mgodi. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 akikubali kukaa na kulima kwa miaka mitano, na katikati ya miaka ya 1880, mvua zikiwa nzuri na reli zikisonga mbele, watu walimiminika. Nyuma yao wakafuata wafanyabiashara wa miji. Wachache walikuwa wakiunda kampuni, wananunua kipande cha nyika, wanachora barabara na uwanja wa mahakama juu ya karatasi, kisha wanauza viwanja kwa watu ambao hawajawahi kupaona.

Tatizo ni kwamba katika nchi iliyo sawasawa namna ile, mji wako na mji wa jirani havina tofauti. Nyasi ni zile zile. Vitu viwili tu ndivyo vilivyoweza kuupa mji mmoja thamani kuliko mwenzake: reli, na makao makuu ya kaunti. Makao makuu yalileta mahakama, mahakama ikaleta mawakili, mawakili wakataka ofisi. Mashahidi na wazee wa baraza la mahakama, yaani raia wanaoketi kuamua kesi, walihitaji pa kulala na pa kula. Mwenye shamba alilazimika kufika hapo kuandikisha hati yake na kulipa kodi, na akishafika atanunua msumari, sukari na kiatu. Hata gazeti la mji lilipona kwa kulipwa kuchapisha matangazo ya kisheria. Kiwanja kilichotazamana na mahakama kilikuwa mali. Katika mji ulioshindwa, kiwanja kama hicho kilirudi kuwa malisho.

Ndiyo maana sishangai kwamba miji iliyobarikiwa na kitu chake chenyewe huwa mipole katika mambo haya. Mombasa ina Kilindini. Ofisi ya gavana hata ukiipeleka Changamwe, meli zitaendelea kutia nanga. Anayepigana hadi mwisho ni yule asiye na kingine.

Halafu kulikuwa na mwanya katika utaratibu wenyewe. Eneo likishafikisha idadi ya wakazi iliyotakiwa, wananchi walimwandikia gavana wa jimbo, naye akateua makamishna wa mwanzo na kutaja makao makuu ya muda. Baadaye ndipo watu wapige kura kuchagua ya kudumu. Neno "muda" ndilo lililoleta balaa. Lilimpa mmoja kiti bila kumpa uhakika, na likampa mwenzake tumaini bila kumpa kitu. Katikati ya hao wawili ukawekwa uchaguzi, na wote wawili walikuwa wamekwisha kutia fedha zao ardhini kabla ya kura ya kwanza kupigwa.

Tuchukue Kaunti ya Gray. Cimarron ndio uliotajwa kuwa makao ya muda mwaka 1887. Mpinzani wake alikuwa Ingalls, mji wa tajiri mmoja wa Rochester, New York, aitwaye Asa Soule. Mali yake aliipata kwa dawa ya chupa iliyoitwa Hop Bitters: chungu, yenye pombe ya kutosha, na yenye matangazo yaliyoahidi kuponya karibu kila kinachomsumbua binadamu. Aliyewahi kusubiri basi stendi akasikiliza wauza dawa wetu anamjua Soule bila kuonyeshwa picha.

Soule alichimba mfereji wa umwagiliaji wa takriban maili 96 kutoka mto Arkansas, na mji wa Ingalls ulikaa karibu na mdomo wa mfereji huo. Kwenye ramani mradi ulipendeza. Ardhini, mchanga uliyanywa maji kabla hayajafika mbali, na mto wenyewe haukuwa wa kutegemewa. Mji ambao mfereji wake hauna maji unahitaji sababu nyingine ya kuwapo. Soule akaamua sababu hiyo iwe makao makuu ya kaunti.

Kulikuwa na mji wa tatu, Montezuma, wenye kura zake. Soule akauahidi reli, na reli kweli akaijenga, kutoka Dodge City. Ninamkubali kwa hilo moja. Wanasiasa wangapi wa kwetu wamejenga kitu walichoahidi kabla ya kura? Lakini ilikuwa reli ya kubeba kura kuliko mizigo. Miaka michache baadaye iliachwa, na vyuma vyake vikang'olewa.

Usije ukadhani Cimarron walikuwa malaika wakionewa na tajiri. Kesi ya uchaguzi huo wa makao makuu ilipofika Mahakama ya Juu ya Kansas mwaka 1889, palisikika habari ya chama cha siri cha wapiga kura 72 walioapa kupiga kura kama mtu mmoja na kumuuzia anayetoa zaidi. Upande wa Cimarron uliwaahidi dola 10,000, ukawapa na hati ya dhamana yenye majina ya watu wa maana wa mji. Kura zikapigwa. Wale 72 walipokwenda kudai chao, ikabainika kwamba sahihi zilikuwa za kughushi. Nimecheka sana niliposoma habari hiyo mara ya kwanza, kisha nikaacha kucheka. Wizi wa kura ulikwisha kuwa biashara ya kawaida kiasi kwamba wauzaji walikuwa na ujasiri wa kudai malipo, na wanunuzi walikuwa na ujasiri wa kuwatapeli.

Sasa njoo kwenye madaftari. Jumamosi ya tarehe 12 Januari 1889, gari la kukokotwa liliingia Cimarron likiwa na wanaume wenye silaha, wengi wao wakitoka Dodge City. Hawakuwa wahuni wa mtaani. Jim Masterson na Bill Tilghman walikuwa wamewahi kuongoza askari wa mji wa Dodge City, na siku hiyo walikuwa wameapishwa kuwa wasaidizi wa sherifu, yaani mkuu wa usalama wa kaunti, aliyekuwa upande wa Ingalls. Mahakama ya Cimarron haikuwa jumba la nguzo na ngazi za marumaru. Ilikuwa ghorofa ya juu ya jengo la duka. Baadhi yao wakapanda, wakaanza kuteremsha madaftari ya kaunti na kuyapakia garini.

Wenyeji walipoona, wakakimbilia bunduki zao. Risasi zilipoanza, gari likaondoka na lilichokwisha kubeba, likawaacha wanne ghorofani, Jim Masterson akiwa mmoja wao. Mkazi mmoja wa Cimarron, J. W. English, aliuawa, na wengine wa pande zote mbili wakajeruhiwa. Inasimuliwa kwamba watu wa mji waliingia chini dukani wakawa wanapiga risasi kupenya dari, na wale wanne wakalazimika kupanda juu ya sefu na makabati ya mafaili ili wasitobolewe miguu. Walikaa hivyo kwa saa kadhaa kabla ya kujisalimisha. Walishtakiwa kwa mauaji, wakaachiwa huru.

Watu hawa, baadhi yao wenye sifa ya kutuliza miji iliyokuwa haikaliki, walikuwa wamesimama juu ya kabati, wakichungulia sakafu, kwa sababu ya vitabu. Kwa nini vitabu? Kwa sababu kaunti, siku zile, ilikuwa vitabu. Nakala haikuwapo. Daftari la hati za mashamba likiwa kwako, mwenye shamba atakuja kwako apende asipende. Daftari la kodi likiwa kwako, fedha zitakuja kwako. Cimarron ingeweza kushinda kura mara tatu na kubaki na ghorofa tupu juu ya duka. Waliolipanga shambulio lile waliuelewa utawala kuliko wanasheria waliokuwa wakihesabu kura mahakamani.

Na hapo ndipo hoja ya kusogeza huduma kwa wananchi inaponichosha. Kama shida ingekuwa umbali, wangetafuta mahali pa katikati. Hakuna aliyetafuta katikati. Kila mmoja alitafuta pale alipokwisha kununua.

Sitaki lakini kudai kwamba kila aliyeshiriki alikuwa laghai, maana kuna mtu mmoja anayeiharibu hesabu yangu, naye ni Samuel Wood. Alitoka Ohio katika familia ya dini ya Kikweka, akaenda Kansas miaka ya 1850 kupinga utumwa usiingizwe huko, akahatarisha maisha yake kwa hilo. Baadaye alipigania wanawake wapate kura, wakati hoja hiyo ilikuwa ikimfanya mwanasiasa achekwe. Huyu ndiye, uzeeni, aliyeanzisha mji wa Woodsdale katika Kaunti ya Stevens na kuupa jina lake, kisha akaingia vitani na mji wa Hugoton uliokuwa makao makuu. (Hugoton, kwa wapendao vijambo vidogo, ulipewa jina la Victor Hugo, mwandishi Mfaransa.)

Hugoton walimkamata Wood mapema, mwaka 1886, wakamvusha mpaka kusini wakisema wanakwenda kuwinda nyati. Rafiki zake wakamfuata wakamkomboa. Ile sehemu waliyompeleka ina umuhimu wake. Ilikuwa ukanda mwembamba wa ardhi ambao kwa namna mipaka ilivyochorwa haukuwa wa jimbo lolote, na watu waliuita Nchi Isiyo ya Mtu. Haukuwa na hakimu, wala polisi, wala hati za ardhi.

Mwaka 1888 mzozo ulichemka tena, safari hii juu ya kura ya kukopa fedha za kuvutia reli. Sam Robinson, mkuu wa askari wa mji wa Hugoton, na Ed Short wa Woodsdale wakawa hawapikiki chungu kimoja. Julai, Short alisikia kwamba Robinson amekwenda mapumzikoni katika ule ukanda, akamfuata amkamate. Robinson akamponyoka. Sherifu John Cross wa upande wa Woodsdale, pamoja na vijana wanne, wakatoka kwenda kumsaidia Short, wakamkosa, na usiku ukawakuta kwenye kambi ya wakata nyasi. Wakalala hapo. Usiku huo wa tarehe 25 Julai, Robinson na watu wake wakawazingira, wakawanyang'anya silaha, wakawapiga risasi mmoja mmoja. Wanne walikufa. Wa tano, Herbert Tonney, kijana wa miaka 19, alipigwa shingoni akajifanya maiti. Walipoondoka akapata farasi akarudi nyumbani na habari.

Kesi ya mauaji hayo inafaa kusomwa na kila mwanafunzi wa sheria. Nani amhukumu muuaji aliyeua mahali pasipo na mahakama? Mwaka 1889 Bunge la Marekani likapitisha sheria kuuweka ukanda ule chini ya mahakama ya Paris, Texas. Watu sita wakahukumiwa kunyongwa. Mwaka 1891 Mahakama ya Juu ya Marekani ikazitengua hukumu hizo, na hakuna aliyenyongwa. Tarehe 23 Juni mwaka huohuo, Wood alifika Hugoton kwa shughuli za mahakama, iliyokuwa ikikaa kanisani, akapigwa risasi na mtu aitwaye James Brennan. Mkewe alikuwapo. Brennan hakuadhibiwa: katika kaunti nzima hapakuwa na watu wa kutosha wasioegemea upande wa kuweza kukaa baraza la mahakama.

Kwa hiyo nimuweke wapi Wood? Sidhani alikuwa na njaa ya fedha kama Soule. Nadhani aliamini kwa dhati kwamba Hugoton walikuwa wamepora kaunti, na kwa kiasi fulani alikuwa na haki. Lakini mtu mwenye hoja ya haki akishakuwa na viwanja vya kuuza mahali pale pale, yeye mwenyewe hawezi tena kujua ni kipi kinachomsukuma asubuhi anapovaa viatu. Huyo ndiye ninayemwogopa zaidi. Wauza dawa za chupa tunawajua.

Na hesabu ikoje mwishowe? Soule alifariki mwaka 1890. Mwaka 1893 makao, yaliyokuwa yamehamia Ingalls, yakarudi Cimarron, na yako huko hadi leo. Ingalls ni kijiji cha watu wachache. Woodsdale haupo. Hugoton ulibaki makao makuu, na mji wenyewe hadi leo haujafikisha watu 4,000. Mikopo ya reli na majengo ililipwa kwa miaka mingi na wakulima waliobaki baada ya ukame kuwafukuza wenzao. Kisha, katika miaka ya 1920, ikagunduliwa kwamba chini ya ardhi ile kuna mojawapo ya mabwawa makubwa kabisa ya gesi asilia Amerika Kaskazini. Gesi hiyo haikuuliza mahakama iko mji gani.

Nikirudi nyumbani, kuna swali moja ambalo sijalisikia likiulizwa kwa sauti katika mikutano yetu ya hadhara. Tunauliza ni wapi katikati. Tunauliza ni ukoo gani utaridhika. Kathwana hutetewa kama mahali pa katikati kati ya Watharaka na wenzao wa upande wa Chuka, na huenda ni kweli. Suluhu ya namna hiyo hutuliza mioyo ya makabila na koo. Haitulizi soko la ardhi. Ningependa, kila linapotajwa eneo jipya la makao makuu ya kaunti, kabla ya ramani ya mchoraji na kabla ya pikipiki za wapiga debe, mtu aende ofisi ya ardhi atoe orodha: mashamba yanayozunguka eneo hilo ni ya nani, na yamebadilisha mikono lini. Orodha hiyo isomwe barazani, kipaza sauti kikiwa wazi. Kansas hawakuifanya kazi hiyo, na si kwa kukosa karatasi. Karatasi zote zilikuwa ndani ya yale madaftari waliyokuwa wakiuana kwa ajili yake.

Nimebakiza Kaunti ya Garfield, ambayo leo huipati kwenye ramani yoyote. Miji yake miwili, Ravanna na Eminence, ilikuwa majirani, umbali wa kusafiri kwa farasi asubuhi ukarudi kula chakula cha mchana. Uchaguzi wa 1887 ulikuwa na joto kiasi kwamba Bat Masterson, kaka yake yule Jim wa juu ya kabati, aliitwa na watu wake kulinda vituo vya kura. Ravanna wakatangazwa washindi kwa kura chache. Eminence wakaenda mahakamani kuonyesha kura za bandia, na mwaka 1889 wakapewa ushindi. Ravanna hawakukubali. Husimuliwa kwamba wao ndio waliochokonoa jambo ambalo hakuna aliyelifikiria: kupima kaunti nzima upya. Katiba ya Kansas ilitaka kaunti isipungue maili za mraba 432. Garfield ilipopimwa ikakutwa imepungua kidogo tu. Mwaka 1893 ikafutwa, ardhi yake ikaunganishwa na Kaunti ya Finney.

Ravanna leo ni mawe ya majengo yaliyoanguka katikati ya malisho ya ng'ombe, na Eminence hauna hata hayo ya kutosha kupiga picha. Wenye mashamba yaliyobaki wakitaka kuandikisha hati, huenda Garden City, mbali kuliko umbali wowote ambao babu zao waliwahi kuupigania.